Punguzeni Kinanda

Tarehe 9 Machi

Baba, shikamoo.

Shangazi ameniandikia kwamba kinanda cha mama kimekufa kabisa. Anasema kilikufa kidogo kidogo, sauti nene kwanza, nyembamba mwisho, na kwamba sasa mama huketi mbele yake kila asubuhi baada ya chai, anabonyeza, hakisemi kitu, kisha anauliza ni nani aliyekizima. Mnamwambia hakuna. Kesho yake anauliza tena.

Sijui kama nafanya vyema, lakini nimewatumia sanduku. Ndani yake mna sintesaiza yangu ya zamani, ile mashine yenye vibonyezo kama vya kinanda inayotunga sauti kwa umeme. Ndiyo, Baba, ni ileile uliyosema si ala ya muziki bali ni kelele za bati. Naomba uivumilie kwa muda.

Kinanda cha mama ni vitu viwili katika kabati moja. Kuna sehemu inayotunga sauti, nayo ndiyo iliyokufa. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Halafu kuna amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, na spika mbili kubwa, na hizo ni nzima, kwa maana Shangazi anasema mkikiwasha kinavuma. Huo mvumo ndio ulionipa matumaini. Nyuma, chini upande wa kulia, kuna tundu ambalo zamani mlichomekea gramafoni. Chomeka waya wa sintesaiza hapo. Sauti itatungwa na mashine yangu, lakini itatokea kifuani mwa kinanda cha mama, kupitia mbao zilezile, na pedali ya mguu itaiongeza na kuipunguza kama zamani. Niliwahi kujaribu hivyo kwa kinanda cha mtu huku. Sintesaiza peke yake ina sauti kavu, kama mtu anayesoma tangazo. Ikipita kwenye valvu na mbao inapata mwili.

Washa kinanda kwanza, ungoje dakika moja valvu zipate moto, ndipo uwashe mashine. Usifungue kifuniko cha nyuma. Umeme hubaki mle ndani hata baada ya kuzima, na hauna adabu kwa wazee.

Mashine ina vifundo sita vya kuzungusha. Vitazame kama mishale ya saa. Kuanzia kushoto: saa tatu, saa mbili, saa kumi na moja, saa tatu, saa kumi, saa moja. Ukiviweka hivyo utapata sauti iliyo karibu na ile ya mama.

Jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Mkataba wangu wa kufunga lifti unakwisha mwishoni mwa Juni. Msimamizi anataka jibu kabla ya Mei kwisha: niongeze miezi tisa au niondoke. Shangazi anasema mama bado ananitaja. Atanijua mpaka lini? Ukiniambia njoo, sitasaini, nitakuja. Simu sitapiga, nakumbuka mara ya mwisho alivyosikia sauti yangu akaanza kunitafuta chini ya meza.

Mwanao


Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sanduku limefika likiwa zima. Barua yako ina makosa manne. Matatu nimeyasamehe. La nne ni hilo la adabu ya umeme kwa wazee: nimefundisha miaka thelathini na minne, sijakutana na kitu kisichokuwa na adabu kikanishinda.

Nimefuata maagizo yako neno kwa neno. Nilisafisha tundu kwa kitambaa kikavu, nikachomeka, nikawasha kinanda, nikangoja dakika moja kwa saa ya mkononi, nikawasha mashine. Vifundo niliviweka kama ulivyoandika. Saa tatu mshale mfupi huelekea kwenye tisa, nikauelekeza huko. Saa mbili huelekea kwenye nane, nikauelekeza huko. Na vinginevyo vivyo hivyo.

Kilichotoka si sauti ninayoweza kuieleza kwa maneno ya heshima. Mama yako alikuwa jikoni akichambua mchele. Alikuja mlangoni, ungo mkononi, akauliza, “Nani anamkanyaga paka?” Shangazi yako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilizima.

Ukiandika maagizo, andika kwa namna ambayo msomaji hatakuwa na njia mbili za kuyaelewa. Nilikufundisha hivyo ukiwa darasa la tatu.

Daktari anasema hawezi kutaja tarehe. Kuna siku mama yako anajua kila kitu, hata bei ya sare ya shule ya mwaka uliozaliwa. Kuna siku ananiita mwalimu mkuu na kuniomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Kuhusu mkataba, wewe ni mtu mzima. Sipendi kumwamulia mtu mzima.

Baba yako


Tarehe 12 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimecheka peke yangu ndani ya lifti kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi, mwenzangu akadhani nimepagawa. Kosa ni langu. Nilimaanisha namba zilivyoandikwa kwenye uso wa saa: tatu ni pale penye tatu. Huku tunasoma mita za mitambo kwa namna hiyo, nikasahau kwamba nyumbani mtu akisema saa tatu mshale unatazama tisa. Kwa hiyo ulifuata maagizo vizuri kuliko nilivyoyaandika. Mpe paka pole.

Safari hii nimechora. Duara sita, mstari mmoja ndani ya kila duara. Hakuna njia mbili.

Halafu, Baba, ukishapata sauti, usimwambie mama kwamba ni mimi niliyeituma. Piga tu. Piga ule wimbo aliokuwa akiupiga shuleni asubuhi wanafunzi wakiingia ukumbini. Kidole kimoja kinatosha. Nataka nijue atafanya nini bila kuambiwa.

Kuhusu mkataba umenijibu kama wakili. Nauliza tena. Je, ananihitaji? Nikisubiri miezi tisa, nitamkuta? Siulizi kama atakuwa hai. Unajua ninachouliza.

Mwanao


Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Michoro yako ni safi. Nimeifuata.

Jana asubuhi, baada ya chai, mama yako aliketi kwenye benchi la kinanda kama kawaida yake. Niliiweka mashine juu ya kabati, nikasimama kando, nikaupiga wimbo wa ukumbini kwa kidole kimoja. Nakiri kwamba sauti ilinishtua. Sikutegemea. Ilikuwa nzito, yenye pumzi, na mbao za kabati zilitetemeka chini ya kiganja changu kama zilivyokuwa zikitetemeka zamani. Shangazi yako, aliyekuwa akipiga pasi, aliacha pasi juu ya shuka mpaka ikaungua.

Mama yako hakushangaa. Alisikiliza mistari miwili. Kisha aliweka mguu wa kulia kwenye pedali, akaipunguza sauti taratibu, taratibu sana, mpaka ikaisha. Uso wake ulikuwa mtulivu. Alibaki hivyo kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa upande wa mlango, kama mtu anayesikiliza. Leo amefanya vivyo hivyo.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kuhusu mkataba, nimekwisha kukujibu. Mtu akianza kazi, huimaliza.

Baba yako


Tarehe 17 Mei

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi hata imeanza kukatika kwenye mikunjo. Aliweka mguu kwenye pedali! Unaelewa maana yake? Hivyo ndivyo alivyokuwa akimaliza wimbo ukumbini: wanafunzi wa mwisho wakishaingia, anaishusha sauti kwa mguu mpaka inapotea, halafu anabaki ameinama, anaacha ukumbi utulie. Hakukumbuka wimbo tu. Alikumbuka kazi yake. Mguu wake umekumbuka. Nilikuwa naketi chini ya benchi lile nikiwa mdogo, kiatu chake kilikuwa mbele ya pua yangu, naijua ile taratibu unayoisema.

Nilikuwa nimekwisha kufunga begi moja, sikufichi. Barua yako imenifanya nilifungue. Kama mashine inamfikia, basi naweza kukaa naye kwa njia hiyo mpaka nimalize. Nimesaini miezi tisa. Msimamizi amenipa jengo zima, lifti sita.

Kila Jumapili nitatunga sauti mpya na kuichora. Hii ya leo ni ile ya filimbi aliyokuwa akiipenda kwa nyimbo za taratibu. Ni kifundo cha pili tu kinachobadilika. Niandikie anavyoipokea.

Na asante, Baba. Najua ulivyoichukia mashine hii. Siku ile uliponiambia nichague kati yake na chumba changu, sikudhani ipo siku utaisimamia na kuipiga kwa mkono wako.

Mwanao mwenye furaha


Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika. Nimesoma kwamba umesaini.

Sauti ya filimbi nimeipiga. Mama yako aliweka mguu kwenye pedali na kuishusha.

Kazi njema. Vaa mkanda wa usalama.

Baba yako


Tarehe 11 Agosti

Baba, shikamoo.

Nimetuma michoro kumi na mitatu, nimepata jibu moja, nalo ni fupi kuliko risiti. Je, u mgonjwa? Au mashine imekuchosha? Ile ya tarehe kumi na mbili Julai, yenye mtetemo, imempendeza? Bado anaweka mguu?

Huku lifti mbili zimekwisha. Jioni naketi chumbani na sintesaiza niliyonunua badala ya ile. Nimetafuta spika ya zamani jalalani nikaifunga ndani ya kabati la nguo, ili nisikie karibu kama mnavyosikia. Jirani anagonga ukuta. Namwambia namtungia mama yangu sauti. Anasema hata yeye ana mama, naye hupenda kimya.

Niandikie zaidi ya mistari miwili.

Mwanao


Tarehe 2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Mashine haijaharibika. Mama yako aliendelea kuweka mguu kwenye pedali mwezi wote wa Julai.

Baba yako


Tarehe 21 Septemba

Sisimizi wangu,

Ni shangazi yako, nakuita kama mama yako anavyokuita. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Naandika nikiwa jikoni, karatasi juu ya kibao cha kukatia vitunguu, kwa hiyo ukiona imelowa usidhani ni machozi. Mengine ni machozi.

Leo nilikuwa natafuta kadi ya kliniki kwenye droo ya baba yako, nikakuta barua zako. Nimezisoma zote, anisamehe. Nimesoma ile ya furaha. Nikakaa chini sakafuni, na magoti yangu unayajua.

Mwanangu, mama yako hakuwa anamaliza wimbo. Nilikuwepo, pasi mkononi. Baba yako alipopiga, mama yako aliweka mguu, akaishusha sauti, akasema waziwazi, “Punguzeni kinanda. Sisimizi wangu akibisha hodi sitamsikia.” Kisha akageuza kichwa mlangoni akaanza kusikiliza. Alikuwa akikusikiliza wewe, si wimbo. Kesho yake tena. Kila sauti mpya uliyotutumia, aliizima ili asikie mlango. Kaka alikuwa kasimama hatua moja kutoka kwake. Nilijua amekuandikia, nikadhani na maneno hayo ameyaandika. Nilijiambia, basi, mtoto ameamua kutokuja, na mimi ni nani? Nimekunung'unikia miezi minne, nikisaga pilipili nakusaga na wewe. Nisamehe.

Nimemkabili. Nimemwambia, “Kaka, umemfanyia nini mtoto?” Akasema, “Sikumdanganya.” Nikamwambia, “Ungemdanganya ingekuwa nafuu, uongo hugundulika.” Ametoka, amekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwalimu mzima.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Tangu katikati ya Agosti mama yako haweki mguu tena. Sauti inapigwa mpaka mwisho, anaketi, anachezesha vidole kwenye khanga. Siku ya kwanza kaka yangu aliniambia, “Unaona? Sasa anaipenda.” Nami nikaingia chumbani nikafunga mlango. Hasikilizi mlango tena, mwanangu. Hamngoji mtu.

Jana bado alikutaja mara moja, akiwa anaoga. Njoo. Usijibu barua hii, njoo. Mimi natoka kesho, binti yangu yu karibu kujifungua na hana mtu. Sitakuwepo, lakini mlango u wazi.

Shangazi yako


Tarehe 4 Oktoba

Baba,

Shangazi ameniandikia. Swali langu ni moja tu. Uliyasikia maneno yake?

Nimevunja mkataba. Nitafika tarehe kumi na tisa.

Mwanao


Tarehe 10 Oktoba

Mwanangu,

Niliyasikia.

Nimezitoa nakala za barua zangu zote nilizokuandikia. Unajua huwa nahifadhi nakala. Nimezipitia kwa kalamu nyekundu kama nilivyozoea. Hakuna sentensi hata moja isiyo ya kweli. Aliweka mguu. Aliishusha sauti. Alikuwa mtulivu. Alisikiliza. Nimetafuta uongo ili niweze kukiri uongo, nisiupate, na hilo ndilo linaloninyima usingizi na chakula. Mwanafunzi akiniletea insha iliyoacha jambo lililo kiini chake, nilikuwa nampa sifuri hata kama kila neno limeandikwa vizuri.

Utauliza kwa nini. Nilikutoa chumbani mwako kwa sababu ya mashine ile. Miaka kumi na miwili sikukuita, nawe hukuja ila kwa siku mbili mbili, tukizungumza habari za mvua. Ulipoileta mashine mwenyewe na kuniuliza kama unahitajika, nilitaka uje bila ya mimi kusema njoo. Niliandika yaliyotokea, nikakungoja uyaelewe. Ulipoyaelewa vingine ukafurahi, ukaniita Baba yangu. Hukuwa umeniita hivyo tangu utoto. Sikuweza kuandika barua ya pili ya kukuondolea furaha hiyo. Kisha nikawa nimechelewa. Kisha nikaona haya ya kuchelewa.

Sitaki unisamehe, si somo la kusamehewa. Lakini nakuambia kabla hujafika, usije ukaanguka mlangoni: juzi aliniuliza picha iliyo juu ya kinanda ni ya nani. Nikamwambia ni mwanao. Akasema, “Mzuri. Wazazi wake wapo?”

Labda barua hii haitakuwahi.

Baba yako


Tarehe 2 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu. Nimeipata barua yako kazini nilikorudi. Wamenichukua tena, kama kibarua. Unauliza ilikuwaje. Barua ya baba nayo nimeikuta huku, kwa hiyo nilikwenda bila kuonywa.

Nilifika asubuhi, nikabisha hodi. Yeye ndiye aliyefungua. Amekuwa mdogo, Shangazi, mkono wake kwenye komeo ulikuwa kama wa mtoto. Aliutazama mfuko wangu wa vifaa, akatabasamu kwa adabu, akasema, “Karibu, fundi. Kinanda kiko huku.”

Baba alikuwa nyuma yake. Akasema, “Mke wangu, huyu si fundi. Huyu ni mwanao.” Alilisema kwa sauti ya darasani. Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaanza kutetemeka midomo, kama mtu aliyeulizwa swali mbele ya watu na jibu halijui. Akasema, “Nisamehe, baba, mimi sikumbuki vizuri.” Aliniomba radhi mimi. Sikuweza kuliona hilo mara mbili. Nikasema, “Mzee anatania, mama. Mimi ni fundi.” Midomo ikatulia.

Basi nikawa fundi. Siku tatu. Nilifungua kifuniko cha nyuma, nikatoa vumbi, nikabadilisha waya wa spika ya kushoto uliokuwa umeoza. Aliketi karibu nami, akiniletea maji, akinieleza kwamba kinanda ni cha shule na nisikichubue. Mara moja nilipiga wimbo wa ukumbini kwa mikono miwili. Nilimtazama mguu. Haukusogea. Aliniambia napiga vizuri kwa mtu wa mikono michafu.

Baba alikuwa akija mlangoni, anasimama, anarudi. Jioni ya pili aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Ningeweza kumlaumu, lakini hata kumlaumu kunachosha. Mimi ndiye niliyesoma barua ile nikaona kile nilichotaka kukiona. Anayemngoja mtu hainamii wimbo, huinamia mlango. Aliniandikia “upande wa mlango”, maneno hayo yapo pale, kwa mwandiko wake safi. Nilipita juu yake.

Siku ya tatu nilikuwa nimepanga kumwambia baba kwamba nabaki. Nilikuwa nimepiga magoti narudisha skrubu za kifuniko. Mama akaketi kwenye benchi, akaniuliza, “Fundi, mama yako yupo?”

Nikasema yupo.

“Anaishi mbali?”

Nikasema, mbali kidogo.

Akafikiri. Akanifuta vumbi begani kwa upindo wa khanga yake. Akasema, “Basi hapa umemaliza. Nenda kwake leo. Usimngojeshe.”

Nilikaza skrubu ya mwisho. Alinisindikiza mpaka kwenye geti, akanishukuru, akasimama kuhakikisha naondoka.

Mtoto wa kaka yako